Jina la Mtu ni Amana

Siku hizi kuna neno moja ambalo Mkenya hulisikia tangu kunapopambazuka hadi anapolala: "Jitambulishe." Bawabu wa jengo hulisema akiwa na daftari mkononi. Wakala wa pesa hulisema kabla hajakuhesabia noti ambazo ni zako mwenyewe. Muuza laini za simu hulisema pia. Na sasa neno hilo limeingia katika yale mabaraza ya simuni, ambako watu mia mbili au mia tatu hukutana bila ya kuonana nyuso, wakazungumza mambo ya maji, karo, siasa na hata ndoa. Huko nako watu wameanza kuulizana: wewe ni nani, na mbona umejificha?

Swali lenyewe halina ubaya. Sisi watu wa Pwani tumelelewa kwa kuulizwa, "Wewe mtoto wa nani?" na mtoto aliyeshindwa kujibu alionekana hana kwao. Lakini kuna kuulizwa na mtu anayetaka kukukaribisha, na kuna kuulizwa na mtu anayetaka kujua atakupatia wapi. Maneno ni yale yale, nia ni mbili. Yafaa tuzipambanue nia hizo, maana sheria zinatungwa na mashine zinanunuliwa, na mwananchi hajaulizwa anapendelea lipi.

BARAZA LA SIMU

Kamenu, katika mji wa Thika, ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili. Ni wadi mojawapo ya eneo la bunge la Thika Mjini, na wakazi wake wengi ni wapangaji. Wametoka Murang'a, Ukambani, Nyanza na Magharibi, na wachache wetu tumetoka Pwani. Wengi waliletwa na viwanda vya Thika na mashamba ya mananasi. Siku hizi wako pia wanafunzi wa vyuo, na wale wanaopanda matatu alfajiri kwenda kazini Nairobi kwa barabara kuu iliyokamilika mwaka wa 2012. Mtu aweza kukaa mlango kwa mlango na jirani yake miaka miwili, asimjue ila kwa jina la "Mama Brian" au "yule fundi". Wanachojuana barabara ni nambari za simu.

Katika ploti moja huko, wapangaji wana kundi lao la WhatsApp, lililoanzishwa kwa ajili ya habari za maji na taka. Siku moja mtu aliyejiita "Asumini", na picha yake ikiwa ni ya ua hilo hilo, alitia kundini picha mbili za mita ya maji ya ploti, moja ya mwanzo wa mwezi na nyingine ya mwisho wake. Akapiga hesabu ya maji yaliyotumika, akaonyesha kwamba pesa walizotozwa wapangaji zilizidi kwa mbali. Hesabu ilipangwa vizuri, na mita iko pale chini ya ngazi. Aliyetaka kuhakikisha angeshuka hatua kumi akaisoma mwenyewe.

Hakuna aliyeshuka. Kundi zima liligeuka kumwuliza Asumini ni nani. Mmoja akasema huyo ni mgombea wa udiwani anatafuta jina. Mwingine akasema ni mpangaji aliyefukuzwa kwa deni. Hatimaye kijana mmoja akafanya jambo ambalo kila Mkenya analijua: aliichukua ile nambari, akajifanya anaitumia shilingi chache kwa M-Pesa, na jina la mwenye laini lilipotokea ili ahakikishe anamtumia nani, akalisoma kisha akafuta. Jina hilo akaliandika kundini, yote matatu. Alikuwa ni mama mmoja mshonaji nguo, mwenye watoto watatu. Kabla ya mwezi kwisha alipewa notisi ya kuhama, kwa sababu, iliandikwa, chumba chake kinataka kutengenezwa. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosaidia kubeba cherehani yake.

Natoa kisa hiki si kwa kuilaumu simu. Lile jina linalojitokeza kabla ya kutuma pesa limewaokoa watu wengi wasitume karo ya mtoto kwa mtu wasiyemjua, na mimi ni mmoja wao. Lakini jina lililotolewa kwa ajili ya jambo moja lilichukuliwa likatumiwa kwa jambo jingine, na mwenyewe hakuulizwa. Hicho ndicho kiini cha mzozo wote huu, uwe ni wa ploti ya Kamenu au wa taifa zima. Tena tuangalie: baada ya jina kujulikana, hesabu ya maji ilibaki vile vile. Watu walipata walichokitafuta, wakasahau walichokuwa wakibishania.

KIPANDE SHINGONI

Serikali inaposema kwamba kila mtu ajulikane, mara nyingi hushangaa kwa nini wananchi hukunja uso. Haifai kushangaa. Katika nchi hii kitambulisho kilianza vibaya.

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka wa 1915, ikaja kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mnamo 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa awe na kipande, na ndani yake yaliandikwa jina lake, kwao, alama za vidole vyake, mwajiri wake na mshahara wake. Karatasi hiyo ilitiwa katika kijaluba cha chuma na kuvaliwa shingoni. Lengo lilikuwa wazi: mfanyakazi asipate kumkimbia mlowezi. Mashamba ya kahawa na mkonge ya upande huu wa Thika yalilimwa na watu waliovaa vijaluba hivyo. Bw. Harry Thuku, mzaliwa wa Kiambu, alipokusanya watu kupinga kipande pamoja na kodi na kazi za kulazimishwa, alikamatwa Machi 1922, na tarehe 16 ya mwezi huo umati uliokwenda kudai aachiliwe ulipigwa risasi jijini Nairobi. Hesabu ya serikali yenyewe ilisema waliokufa ni 21, na mmoja wao ni Bi. Mary Muthoni Nyanjiru.

Kuna sehemu ya pili ya historia hiyo ambayo haitajwi sana. Mwaka wa 1947 ilitungwa sheria ya kuwaandikisha watu wa rangi zote. Walowezi wa Kizungu walipoambiwa kwamba na wao watatoa alama za vidole, walipandwa na hasira, wakasema huo ni utaratibu wa wahalifu. Serikali ikalegeza kamba, ikakubali kwamba wenye elimu ya kutosha waweze kutoa picha na sahihi badala ya vidole. Kumbe walijua tangu zamani kwamba jambo hilo linamvunjia mtu heshima! Anayedai vidole vya mwenziwe aghalabu hapendi kutoa vyake.

Na kitambulisho kikishakuwa ufunguo wa kila mlango, asiyekuwa nacho hubaki nje. Wamakonde wa Kwale walikaa miaka mingi bila ya uraia hata walipoandamana hadi Nairobi mwaka wa 2016 ndipo wakatambuliwa. Wapemba wa pwani ya Kenya walitambuliwa mwaka wa 2023. Wanubi na Wasomali waliozaliwa hapa walipelekwa mbele ya kamati kuulizwa habari za babu zao, mpaka Februari 2025 Rais William Ruto alipotangaza huko Wajir kwamba uchunguzi huo wa ziada ufutwe. Kwa watu hao, kila huduma mpya inayosema "thibitisha wewe ni nani" imekuwa ukuta mpya. Mvuvi asiye na kitambulisho hawezi kusajili laini, na asiye na laini hawezi kupokea pesa za samaki wake kwa simu.

WANAOTAKA MAJINA WANA HOJA

Hata hivyo si haki kuwatia wote wanaotaka majina katika kapu moja na mkoloni. Wana hoja nzito, na hapana budi tuzisikilize.

Kwanza, ni walaghai. Hakuna nyumba ambayo haijapata kupigiwa simu na mtu anayejidai ni wa benki au ni mjomba aliyelazwa hospitali. Watu wamezibandika simu hizo jina la Kamiti, kwa ile jela kubwa iliyo huku huku upande wa Thika Road. Wazee wamepoteza akiba zao kwa sauti isiyo na mwenyewe. Pili, ni matangazo ya kazi za uongo, hasa za Ughaibuni, yanayowanasa wasichana. Tatu, ni uchochezi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ujumbe wa chuki ulipita simu hadi simu na hakuna aliyejua umetoka kwa nani, na nchi ikaona matokeo yake. Nne, ni wanaume wanaojificha nyuma ya majina ya bandia kuwatukana na kuwatisha wanawake. Mwanamke anayetukanwa na mtu asiye na uso ana haki ya kuuliza uso huo uko wapi.

Kwa sababu kama hizo usajili wa laini za simu ulianza mwaka wa 2010, na mwaka wa 2022 wananchi wakaamrishwa wajisajili tena. Tarehe ya mwisho ilikuwa 15 Aprili, ikasogezwa hadi 15 Oktoba. Foleni zilikuwa ndefu, picha zikapigwa, vitambulisho vikanakiliwa. Je, simu za walaghai zilikoma? Kila msomaji anaweza kujijibu. Laghai husajili laini kwa kitambulisho cha mtu mwingine, au huinunua ikiwa imekwisha kusajiliwa. Anayenaswa na wavu wa majina kwa urahisi ni yule mwaminifu aliyetoa jina lake la kweli.

Na hayo majina yetu yakishatolewa huenda wapi? Mwezi wa Juni 2021 wananchi walipopewa nafasi ya kutazama rekodi za Msajili wa Vyama vya Kisiasa, wengi walijikuta wameandikwa kuwa wanachama wa vyama wasivyovijua. Kila mtu akaanza kuyakumbuka madaftari aliyowahi kujiandika: langoni mwa jengo, kwa wakala, katika semina. Daftari la wazi ambalo kila anayekuja husoma jina, kitambulisho na simu ya aliyemtangulia halithibitishi chochote, kwani bawabu haulizi kama jina uliloandika ni lako. Linakusanya tu.

Tukio la Agosti 2023 lilionyesha hali ilivyofika. Maelfu ya vijana walipanga foleni katika jumba la KICC, Nairobi, wapigwe picha za mboni za macho na kampuni ya Worldcoin, kwa malipo ya sarafu za mtandaoni zenye thamani ya shilingi kama 7,000. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni hii hii tunayoizungumza: kuthibitisha kwamba anayetumia mtandao ni binadamu kweli na si mashine. Serikali ilisimamisha zoezi hilo tarehe 2 Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru picha hizo zifutwe. Namshukuru jaji. Lakini mboni si kama nenosiri. Likiibwa nenosiri hubadilishwa, mboni za jicho mtu atazibadilisha na nini?

WANAOJIFICHA NAO WANA HOJA

Sasa tugeukie upande wa pili. Tanzania wana mfano ambao kila mwandishi wa Kiswahili angepaswa kuujua. Mtandao wa JamiiForums ulianzishwa mwaka wa 2006, ukawa baraza kubwa la Waswahili, ambako mtu wa wizarani, mwalimu wa Sumbawanga na mfanyabiashara wa Kariakoo waliweza kufichua ufisadi chini ya majina ya kubuni. Desemba 2016 mwasisi wake, Bw. Maxence Melo, alikamatwa. Polisi walikuwa wakitaka majina ya wachangiaji, naye akakataa kuyatoa. Alipelekwa mahakamani mara nyingi ajabu, na Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani katika kesi mojawapo kwa kuzuia uchunguzi, akatakiwa alipe faini ya shilingi milioni 3 za Tanzania au afungwe mwaka mmoja. Kabla ya hapo, Juni 2018, baraza hilo lilijifunga kwa muda kwa sababu ya kanuni mpya za leseni, na Septemba 2025 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo ililisimamisha kwa siku 90.

Bw. Melo hakujificha yeye. Jina lake lilijulikana, uso wake ulijulikana, na mahakama ilijua pa kumpata. Alichofanya ni kusimama mlangoni akawafichia wengine. Hilo tulitie akilini, maana nitalirejea.

Hapa kwetu bei ya kujulikana tuliiona Juni 2025. Mwalimu kijana, marehemu Albert Ojwang, alikamatwa kwao Homa Bay kwa habari zilizochapishwa katika mtandao wa X kumhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi. Akasafirishwa hadi Nairobi, akalazwa rumande katika Kituo cha Kati, na tarehe 8 alikuwa maiti. Polisi walisema kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa madaktari ukaonyesha majeraha ambayo mtu hajipigi mwenyewe. Watu kadhaa, polisi wakiwamo, walishtakiwa kwa mauaji. Kama aliyoandikiwa mashtaka yalikuwa ya uongo au ya kweli, mahakama ndiyo ingeamua. Hakufika mahakamani.

Baada ya msiba kama huo, ukimwambia kijana wa Kamenu kwamba mtu mwema hana haja ya kuficha jina lake, atakutazama tu. Ndiyo maana tarehe 15 Oktoba 2025, rais alipotia sahihi marekebisho ya sheria ya makosa ya mitandao, watu walikimbilia Mahakama Kuu, nayo tarehe 22 ikasimamisha kwa muda baadhi ya vifungu. Ndiyo maana pia kanuni mpya za usajili wa laini za mwaka huo ziliposomwa, na ndani yake yakaonekana maelezo ya alama za mwili hata DNA, makelele yalikuwa makubwa, hadi Mamlaka ya Mawasiliano ikalazimika kueleza kwamba haijawaagiza makampuni wakusanye vitu hivyo. Wananchi hawakuwa wakipinga laini kusajiliwa. Walikuwa wakiuliza kwa nini duka la laini lijue damu ya mtu.

TULIYOFUNZWA CHUONI

Tuliosoma vyuoni kabla ya kusoma skuli tuna mizani ya kulipimia jambo hili. Wanavyuoni wa hadithi walikuwa ndio wahakiki wakubwa wa watu. Hawakuipokea habari ila kwa mlolongo wa wapokezi, fulani kutoka kwa fulani, na mpokezi asiyejulikana, waliyemwita majhuli, riwaya yake ilidhoofika. Waliandika majuzuu kwa majuzuu ya majina ya wapokezi: huyu mkweli, huyu msahaulifu, huyu mwongo. Kwa hivyo asije mtu akatuambia kwamba dini au mila inampenda mjumbe asiye na jina.

Lakini wanavyuoni hao hao waliweka mpaka. Kutaja aibu ya mpokezi kuliruhusiwa kwa kadiri ya haja tu. Ukizidisha, umekwisha kuingia katika kusengenya. Na katika Suratul Hujurat amri mbili ziko karibu karibu. Aya ya 6 yataka habari ihakikiwe inapoletwa na mtu asiyeaminika, na aya ya 12 yakataza kupelelezana. Angalia kwamba la kwanza lahusu habari, na la pili lahusu watu. Aliyeisoma sura hiyo hadi mwisho hawezi kutumia amri ya kuhakiki kuwa ni kibali cha kupeleleza. Husimuliwa pia kwamba Seyyidna Umar aliruka ukuta wa nyumba usiku akamkuta mtu katika maasi, naye yule mtu akamjibu kwamba yeye ametenda kosa moja, lakini Khalifa ametenda matatu: amepeleleza, hakupita mlangoni, na hakupiga hodi. Umar akamwacha. Kiongozi mwenye nguvu zote zile alikubali kwamba ushahidi ulioibwa si wa kumwadhibia mtu.

Na kwa upande wa magazeti, mashairi yetu yalikuwa na utaratibu wake. Washairi tangu zamani wametumia lakabu. Malenga wawili waliweza kulumbana miezi sita, msomaji asijue kama mmoja wao ni karani wa bandari na mwingine ni mwalimu. Lakini mhariri alijua. Barua isiyokuwa na jina la kweli na sanduku la posta haikuchapishwa, hata kama mwandishi aliomba jina lake lisitolewe. Mshairi akivuka mpaka wa adabu, mhariri alijua pa kumwandikia. Na anayekuja ofisini kwa hasira akitaka kujua ni nani aliyemtungia beti zile, aliondoka na hasira zake. Jina lilikuwa limewekwa amana.

Utaratibu huo ulitenganisha mambo mawili ambayo leo yamechanganywa. Kumjua mtu ni jambo moja. Kumtangaza ni jingine. Jamii yaweza kuwa na uhakika kwamba msemaji ni mtu wa kweli na anaweza kuwajibishwa, bila ya kila mpita njia kulijua jina lake. Wapangaji wa ile ploti walihitaji kujua kitu kimoja tu: kwamba Asumini ni mpangaji mwenzao. Hawakuhitaji mlango wake, wala majina yake matatu.

AMANA KWA NANI?

Msomaji mwerevu atauliza: huyo mhariri wa leo ni nani? Hapo ndipo penye ugumu, na nisidanganye kwamba ni jambo jepesi. Mhariri wa gazeti alikuwa na watu mia kadhaa katika jalada la kabati lenye kufuli. Makampuni ya leo yana mamilioni, na kabati lao likivunjwa mara moja limevunjwa kwa wote.

Korea ya Kusini ilitangulia kulijaribu jambo hili. Mwaka wa 2007 iliagiza mitandao mikubwa ithibitishe jina la kweli la kila mwandishi, ili matusi yapungue. Julai 2011 wezi waliingia katika mitandao miwili ya nchi hiyo, Nate na Cyworld, wakachukua habari za watu kama milioni 35. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo. Karibu zaidi na siku zetu, Julai 2025, programu ya Marekani iitwayo Tea, iliyotengenezwa ili wanawake waonyane juu ya wanaume wabaya, ilivuja. Ilikuwa imewataka wanawake watoe picha ili kuthibitisha ni wanawake kweli. Picha kama 72,000 zilitoka nje, na 13,000 kati yake zilikuwa ni zile za nyuso na vitambulisho vya uthibitisho. Waliojificha kwa kuogopa wanaume wabaya walifichuliwa na kile kile kilichowekwa kuwalinda.

Somo ni kwamba amana isiyohitajika isipokewe. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data, ya Novemba 2019, inasema hivyo hivyo: zikusanywe habari zinazotosha kwa kazi iliyotajwa, wala zisitumiwe kwa kazi nyingine. Si sheria ya mapambo. Septemba 2023 Kamishna wa Data, Bi. Immaculate Kassait, aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ya idhini ya wazazi, na baa moja shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Kama picha ya mnywaji ina hadhi hiyo, jina la mpangaji nalo lina yake.

Kwa maoni yangu mambo yapimwe kwa haja yake. Anayeshika pesa za watu, awe ni mweka hazina wa chama cha akina mama au mtu anayeuza shamba mtandaoni, na ajulikane kwa jina na kitambulisho kwa wale wanaompa pesa. Anayeleta habari inayoweza kuhakikiwa, ihakikiwe habari yake kwanza. Mita isomwe kabla ya kuulizwa ni nani aliyeipiga picha. Penye watoto, itoshe kujua umri, bila ya kuchukua kitambulisho kizima. Makundi ya mitaa yachague watu wawili wanaoaminika, wasiokuwa jamaa za mwenye nyumba wala wa diwani, ndio wawajue wanachama kwa majina, na anayefichua jina la mwenziwe bila ya idhini atolewe yeye kundini. Na polisi wakitaka jina, waende kwa hakimu waeleze kosa, ili hakimu ndiye apige hodi kwa niaba yao. Wapo watakaosema kwamba njia hii ni ndefu. Ni ndefu kweli. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinachotupa faragha hakikuahidi kwamba itakuwa njia ya mkato.

Katika miaka inayokuja tutaletewa nambari mpya, kadi mpya na mashine mpya za kutusoma nyuso, na kila moja italetwa kwa jina la usalama wetu. Zisikataliwe zote, wala zisipokewe zote. Mwananchi na amuulize anayezileta maswali matatu: unataka kunijua kwa kazi gani, nani mwingine atakayeniona, na kazi ikiisha jina langu utalirudishaje? Asiyeweza kujibu la tatu hajawa tayari kupokea amana ya mtu.